Nipe Mji

Katika kiwanda cha mikate cha Mama Nanyama, chini kidogo ya flati za Bugolobi mjini Kampala, kulikuwa na sheria moja ambayo hata wanaodaiwa waliishika: asiyeweza kutegua kitendawili hutoa mji. Unga ukishakandwa na kufunikwa, watu wakingoja uumuke, Nanyama alikunja mikono yake minene kifuani akasema, "Kitendawili," na yeyote aliyekuwa karibu, hata muuza mayai aliyekuja mara moja tu, ilibidi aitike, "Tega." Akishindwa, anatoa mji. Aliyetega anaupokea mji huo, anaringa kidogo jinsi watu wa huko walivyomkaribisha na kumchinjia kuku, ndipo anatoa jibu. Kwa njia hiyo Nanyama, ambaye shule aliiacha darasa la saba kule Bungoma, alikuwa amejipatia Mbale, Jinja, Nairobi yote, na Paris mara mbili.

Aliyemsumbua katika mchezo huo alikuwa Bibiane.

Bibiane alitoka Bukavu, Kongo, akaja Kampala kusomea mambo ya vyakula chuo kikuu, na chuo kikamleta kwa Nanyama kufanya mafunzo ya vitendo. Alikuwa msichana mrefu, anatumia mkono wa kushoto, mwimbaji wa kwaya, na panya akipita miguuni pake alimwambia "pole" na kuendelea na kazi. Vitendawili alivimeza kama maji. Tena alipotega yeye, na Nanyama akashindwa, alikuwa akitaka mji uleule.

"Nipe mji, Mama. Nipe Kampala."

"Kampala si yangu, mwanangu," Nanyama alikuwa akimjibu. "Mimi mwenyewe niliingia hapa na begi moja. Chukua Eldoret, kuna hewa nzuri."

Sasa, kiwandani humo kulikuwa na tanuri. Lilikuwa tanuri la Kibelgiji, kubwa kama chumba cha kupanga, na lilifika Kampala vipande vipande likaunganishwa na mafundi wa Katwe, ambao wanaweza kuunganisha chochote hata kama hawajawahi kukiona. Upande wake wa kushoto, kwenye upenyo mwembamba karibu na ukuta, kulikuwa na vipini viwili vya kuzungusha, na juu ya kila kipini kibao cha chuma chenye maandishi ya Kifaransa: kimoja moshi, kingine mafuta. Kabla ya Bibiane, tanuri hilo lilikula wafanyakazi. Mmoja aliacha kazi na suruali nusu. Bibiane naye, siku yake ya kwanza, alisoma vibao kwa sauti nzuri ya shule, akazungusha, na akatoka humo bila nyusi. Lakini nyusi zilipoota, mkate nao ukawa umenyooka. Haukuungua tena, haukubaki mbichi katikati, na gari la polisi wa Naguru, lililokuja kila asubuhi kuchukua mikate ya mesi, liliacha kurudi mchana kuirudisha.

Nanyama aliamini siri ni Kifaransa. Bibiane alimwambia zaidi ya mara moja, "Mama, hii tanuri hawasomake, wanasikilizaka," na Nanyama akachukulia kwamba hayo ni maneno ya wasomi, wanaopenda kufanya jambo jepesi lionekane zito.

Bibiane alipofuzu, Nanyama alikodi hema, akaoka keki yenye umbo la kofia ya mahafali, akalia kuliko mama mzazi aliyetuma salamu kutoka Bukavu. Asubuhi iliyofuata akampa aproni mpya yenye jina lake. Ndipo Odera akaharibu furaha.

Odera alikuwa Mkenya mwenzake Nanyama, wakala wa bima, mtu aliyevaa tai hata akienda kuoga, na aliyebeba simu ya mkononi ya miaka ile, kubwa kama mche wa sabuni. Aliiona aproni akauliza kama binti ana kibali. Nanyama akauliza, si anacho kile cha mwanafunzi? Odera akaeleza kwa utamu wa mtu anayejua habari mbaya: kile cha mwanafunzi ni cha kusoma na mafunzo ya chuo tu, ukishavaa kofia ile na kuirusha juu, kinaanza kufa. Kinamwachia mtu muda mdogo wa kukaa, lakini si wa kufanya kazi. Akikutwa ameshika unga, mwenye kiwanda anashtakiwa na mwenye unga mikononi anarudishwa kwao. Na kibali cha kazi haombi yeye, anaombewa na mwajiri.

Huko kwao Bukavu wakati huo kulikuwa na vita, na hakukuwa na kurudi. Redio ilikuwa ikisema hivyo kila jioni, na Bibiane alikuwa akiizima kabla haijamaliza.

Kwa hiyo aproni ikatundikwa msumarini na Bibiane akahamia kwenye benchi ya wateja. Alinunua andazi moja asubuhi akalila mpaka jioni, ili awe mteja. Gari la Naguru likifika, aliweka mikono kwapani, askari waione kwamba haijashika kitu. Askari mmoja alimwuliza Nanyama kama yule dada ana homa.

Nanyama akaenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji, na gauni lake la kanisani. Afisa aliyempokea aliitwa Odur, mtu mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Hakuwa mkali, na hakuomba kitu, jambo lililomtisha Nanyama zaidi, kwa maana alikuwa ameficha kitu kidogo ndani ya mkate aliombebea, na ilibidi arudi nao. Odur alimweleza taratibu. Kabla mgeni hajapewa kazi, wenye nchi waulizwe kwanza. Atangaze kazi hiyo hadharani, asikilize kila mwananchi atakayekuja, na kama hakupatikana anayeiweza, aje aseme hivyo. Yeye Odur angepita kuona kwa macho yake, maana anakaa palepale kwenye flati za Bugolobi.

Odera alipoambiwa alicheka. Tangazo, alisema, hushonwa kama gauni la bibi harusi: unampima mwenyewe, halafu asitokee wa kulivaa isipokuwa yeye. Wakamsimamisha Bibiane mbele ya tanuri wakampima. Likatoka tangazo, likabandikwa getini na kuingizwa gazetini: anatakiwa mtaalamu wa tanuri mwenye shahada ya mambo ya vyakula; asome Kifaransa na aseme Kiswahili; awe wa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauingii kwenye upenyo; afikie mlango wa juu bila kigoda; asiogope panya. Nanyama akaongeza kwamba awe ameimba kwaya, kwa sababu mtu wa kwaya hachelewi. Mwishoni Odera akaweka maneno yake ya bima: pamoja na majaribio mengine kwa kadiri mwajiri atakavyoona.

Bibiane alilisoma pale getini. Akasema kimepungua kitu kimoja tu, mama yake anaitwa nani.

Watu walikuja hata hivyo. Mmoja, Kifaransa chake chote kilikuwa cha kiitikio cha muziki wa dansi. Mwingine, kijana mcheshi aliyeitwa Uthman, alifika na mkono wa kulia umefungwa bendeji, akasema tangu kuzaliwa anatumia wa kushoto. Alipoletewa chai akafungua bendeji ili anywe vizuri. Nanyama alimpa mikate miwili kwa ujasiri wake. Usiku Nanyama akaanza kulala usingizi.

Ndipo akaja Aloyo.

Aliingia ameinama kidogo, kwa sababu ya mlango. Nanyama aliliona hilo kabla hajaona sura yake. Binti alikuwa Mwacholi wa Gulu. Vita vilipokuwa vikali kule kaskazini mwa Uganda alipelekwa kwa mjomba wake mfanyabiashara, Bunia, Kongo, akasoma shule ya masista wa Kifaransa, kisha akarudi akachukua shahada hiyohiyo, chuo hichohicho, mwaka mmoja mbele ya Bibiane. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kwaya alikuwa akiimba sauti ya pili. Panya wa kiwandani, kana kwamba ametumwa, akapita juu ya kiatu chake, na Aloyo akamtazama kama mtu anayetazama basi lisilo lake.

Nanyama akashika tawi la mwisho, majaribio mengine.

"Kitendawili," akasema.

Aloyo alishangaa kidogo, kisha akatabasamu. "Tega, Mama."

"Nilimlaza mtoto mwembamba, nikamwamsha mnene."

"Donge la mkate."

"Mjumbe wangu hana miguu, lakini kwa jirani hufika kabla yangu."

"Harufu ya mkate."

"Namlisha mchana kutwa, na kila nimpacho anakitapika, nami nakiuza."

Aloyo akalielekezea tanuri kidevu. Kisha, kwa heshima, akaomba atege chake: wazee wawili wanagawana mto, kila mmoja ana ukingo wake, wala hawajawahi kukutana. Nanyama alifikiri mpaka chai ikapoa. Alisema macho, akasema masikio, akasema wakwe. Akashindwa.

"Nipe mji, Mama," akasema Aloyo.

"Nakupa Gulu."

"Gulu ni kwetu tayari. Mtu hapewi kitu chake."

Nanyama akatazama nje, kule kwenye benchi, ambako Bibiane alikuwa amekaa na andazi mkononi na alikuwa amesikia kila neno. Akajibu polepole, "Basi chukua Bugolobi." Jibu lilikuwa maganda mawili ya karanga, na mto ni mshono katikati yake, lakini Nanyama hakulisikia vizuri.

Jioni ile Odera alishauri jambo jepesi. Aloyo asitajwe. Nani atajua? Nanyama alikuwa anapima hamira, akaacha kijiko.

"Amekuja na miguu yake, amepita chini ya mlango wangu akainama, amenishinda kitendawili nimempa mji," alisema. "Halafu niende kwa serikali niseme hakuja mtu. Hata wewe Odera, ambaye unamwuzia bima mgonjwa, hilo si ungeona aibu?"

Odera akasema kila mtu ana biashara yake, na akaenda zake.

Bibiane hakulaumu. Hilo ndilo lililomwumiza Nanyama, kwa sababu angelaumiwa angekuwa na la kujibu. Bibiane alisema tu kwamba gari za kwenda mpakani huondoka asubuhi, na kwamba yule dada ana sauti nzuri.

Siku ya Aloyo kujaribiwa kwenye tanuri, Odur alipita kama alivyoahidi, na shati jeupe. Pale getini alisimama mbele ya tangazo muda mrefu. Alipoingia alimwambia Nanyama, "Mama, hii si kazi, hii ni picha ya mtu. Imebaki jina tu." Nanyama akajibu kwamba hata hivyo alipatikana mwenye kufanana nayo, mwananchi, huyu hapa. Odur akamtazama Aloyo kutoka juu mpaka chini, safari ndefu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kushangaa. Akaweka mkoba wake juu ya gunia la unga akasimama karibu na tanuri ili aone vizuri. Bibiane alikuwa kwenye benchi, mikono kwapani.

Aloyo akafunga aproni. Mikate ilishaingizwa, tanuri limeanza kuguna, na lilikuwa limefika ule wakati wa kutolewa moshi. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye upenyo, akasoma kibao cha kwanza kwa sauti, kwa matamshi ya masista, akaeleza kwamba hiki ndicho cha moshi, na akakishika.

Nanyama hakuwa anamtazama Aloyo. Alikuwa anamtazama Bibiane, akiwaza atamfungia nini cha kula njiani, na kwa hiyo aliona kila kitu. Aliona mdomo wa binti ukifunguka. Akauona ukifungwa. Akaona macho yakienda kwenye aproni iliyotundikwa msumarini, ile yenye jina, yakarudi kwenye kipini, na hapo Nanyama akaelewa kwamba kuna jambo, na kwamba msichana huyu akinyamaza kidogo tu, kazi ni yake.

Bibiane akasimama juu ya benchi.

"Dada, wachia! Ile ni mafuta! Shika ya chini, ile imeandikwa mafuta, ndiyo moshi!"

Aloyo akaachia, lakini alishazungusha kidogo. Tanuri likavuta pumzi, likanyamaza kama mzee aliyekasirishwa, likapiga kikohozi kimoja. Masizi yaliyotoka yalipita kando ya Aloyo, yakampita Nanyama, yakamtafuta Odur. Aloyo akashika kipini cha chini, akazungusha, moshi ukapanda kwenye dohani. Bibiane akaendelea kutoka juu ya benchi, hawezi tena kujizuia: kipimajoto asikitazame, kimekwama tangu kilipokuwa Ubelgiji, mlango wa juu aubane kwa goti, asikilize, likianza kuguna mara mbili atoe mikate ya nyuma kwanza. Aloyo aligeuka kwa kila aliloambiwa kama mcheza ngoma. Mikate ikatoka ya dhahabu, yote.

Odur alikuwa mweusi kuanzia kola mpaka mkanda.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mteja," akasema Nanyama.

"Mteja anajua mafuta yanapita wapi?"

"Ni mteja wa siku nyingi."

Aloyo, ambaye angeweza kunyamaza naye, alisema kwamba kama si yule dada angekuwa sasa hana uso, na Kifaransa chake angekwenda nacho mochwari. Hapo ndipo mambo yakajulikana. Mafundi wa Katwe, walipounganisha tanuri, hawakusoma Kifaransa. Waliweka vibao mahali vilipopendeza macho, wakavichomelea kabisa. Bibiane aliligundua siku aliyopoteza nyusi, na alikuwa amelisema siku zote, kwamba tanuri hilo halisomwi. Nanyama akakumbuka wale wote walioacha kazi, akaona haya.

Odur akauliza kwa nini vibao visichomolewe tu. Nanyama akafungua mkono mbele ya tanuri lote, kipimajoto, mlango wa goti, miguno, akauliza afande anataka kuanzia wapi. Odur akafikiri, akamega mkate wa moto, akatafuna. Alisema yuko na shida moja. Kama kupiga kelele juu ya benchi ni kazi, basi ameikuta kwa macho yake, na ni kosa. Kama si kazi, basi ni nini?

"Ni kufundisha," akasema Aloyo.

Odur akamega tena. Mwishoni alisema, kwa sauti ya ofisini ijapokuwa na masizi puani, kwamba kazi ya tanuri imepata mwananchi, na hilo limekwisha, Aloyo aandikwe. Lakini mtu anayemfundisha mwananchi kazi isiyofundishwa popote pengine, huyo anaweza kuombewa kibali. Waandike upya, waandike ukweli, bila habari ya panya. Na mpaka jibu litoke, yule wa benchi asiguse kitu. Asifundishe. Asipige kelele.

Ombi likapelekwa. Wakangoja, na kungoja kukawa kurefu. Tanuri halikungoja. Aloyo alikuwa na mikono na hana siri; Bibiane alikuwa na siri na amefungwa mdomo. Mkate ukaanza kuungua pembeni, na gari la Naguru likarudi mchana.

Nanyama ndiye aliyeona njia. Alitoka nje akakaa kwenye benchi, karibu na Bibiane, akamwuliza kama katika kila alichosema afande kulikuwa na katazo la vitendawili. Bibiane akamtazama. Kisha akageuza uso kwenye mlango wa kiwanda.

"Kitendawili, dada."

"Tega," akaitika Aloyo kutoka ndani, jasho likimtoka.

"Majirani wawili walibadilishana majina. Ukimwita huyu, anaitika yule."

"Vipini."

"Niko na mzee, akiguna mara moja ananisalimia, akiguna mara mbili ananifukuza."

Ikasikika sauti ya koleo na trei. "Nimeshatoa ya nyuma," akasema Aloyo.

Hivyo ndivyo tanuri lilivyofundishwa. Watu wa flati waliokuja kununua mkate walikaa kusikiliza, wengine wakajaribu kutegua, wakataja vitu vya ajabu. Uthman wa bendeji alikuja kila siku na hakupata hata kimoja. Akagawa miji yote ya Busoga. Aloyo naye alitega vyake vya Kiacholi, navyo Bibiane hakuviweza, mpaka siku moja ikabidi aitoe Bukavu. Aliitoa kwa sauti ndogo, na Aloyo akasema ataitunza mpaka mwenyewe aitake.

Jioni moja Odur akaingia, anatoka kazini, mkoba mkononi. Shati lilikuwa jipya, na alisimama mbali na tanuri. Aliomba mkate mmoja. Nanyama alitafuta habari usoni mwake, lakini ule ulikuwa uso wa ofisi, hauna dirisha. Odur akapokea mkate wake na hakuondoka. Alisema amesikia kwamba hapa kuna mchezo.

"Ndiyo, afande," akasema Bibiane. Alikuwa benchini, mikono kwapani kama desturi. "Kitendawili."

Odur akajikohoza. "Tega."

"Mgeni mdogo aliingia nyumbani. Hakushika kitu, hakuonekana tena, na nyumba ikakua."

Odur akafikiri. Alisema mtoto. Alisema deni. Alimtazama Nanyama, akasema kwa woga kidogo, mke wa pili. Aloyo akacheka huko ndani mpaka trei ikaanguka. Odur alijaribu tena, midomo ikicheza bila sauti, kisha akatikisa kichwa, ameshindwa.

Sheria ni sheria.

"Basi nipe mji," akasema Bibiane.

Odur aliweka mkate juu ya meza, akafungua mkoba wake, akatoa humo karatasi iliyopigwa muhuri, akaitandaza juu ya benchi kando ya binti, akaipangusa unga kwa kiganja.

"Nakupa Kampala," alisema. Kisha ofisi ikamrudia kidogo. "Miaka miwili. Ikiisha, mnaomba tena."

Nanyama alijifunika uso na kanga. Bibiane aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma, kama mtu aliyewahi kudanganywa na kibao. Akainuka, akaenda kwenye msumari, akavaa aproni yake, akafunga kamba nyuma kwa mkono wa kushoto.

"Ni hamira, afande," akasema, na akaingia ndani kwenye tanuri.